Mpingo, mninga au mkongo: uoteshe mti upi kwa mbegu?

Kila mwaka mvua zikikaribia, mtu wa aina moja hunijia kitaluni. Ana ekari moja au mbili zimekaa bure, amechoka kusikia habari za mikaratusi na misaji, na anataka mti wa kwetu, wa mbao ya heshima, ambao wajukuu watakuja kuukuta. Swali lake ni moja: nianze na upi?

Zamani nilikuwa nikijibu haraka, na majibu yangu hayakuwa mazuri. Nilimpa mpingo mtu mwenye mbuzi wasiofungwa. Nilimpa mninga mwalimu ambaye huhamishwa kituo kila baada ya miaka michache. Wote wawili walirudi na viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, vikiwa vitupu. Siku hizi nauliza maswali kwanza, na maswali yenyewe ndiyo vigezo nitakavyotumia hapa.

Cha kwanza ni mbegu: inapatikanaje, na utajuaje kama ni nzima? Cha pili ni kuota. Cha tatu ni mzizi, yaani mche unavumilia kuhamishwa au hauvumilii. Cha nne ni maadui wa miaka ya mwanzo. Cha tano ni ardhi. Cha sita ni hicho unachokingojea. Bei ya mbao sikuiweka, ingawa ndiyo kila mtu huanza nayo. Mpingo hutajwa kuwa huchukua miaka 70 hadi 100 kabla ya kufikia unene wa kuvunwa, na hii miwili mingine nayo huhesabiwa kwa miongo. Bei ya leo haitakuwapo siku hiyo.

Kuhusu majina: mkongo ninaousema ndio watu wa Mombasa, Lamu na Unguja wanaouita mbambakofi, na kwingine mkola. Mninga kwa ndugu zetu wa Katanga ni mulombwa. Mpingo ni mpingo. Mvule nimeuacha nje kwa makusudi. Mbegu zake ni ndogo kama ufuta, hukaa ndani ya tunda laini, hupoteza uhai upesi, na miche yake ina mdudu anayevimbisha vichipukizi mpaka ncha inaoza. Huo unataka makala yake peke yake.

Mbegu

Ganda la mpingo ni jembamba kama karatasi, na ndani mna mbegu moja au mbili, mara chache zaidi. Likikauka upepo hulichukua, kwa hiyo uwahi. Tandika turubai chini ya mti, tikisa matawi, yaliyobaki chuma kwa mkono na uvumilie miiba. Kilo moja ya mbegu safi ina makumi ya maelfu ya punje, hivyo mti mmoja uliozaa vizuri unatosha kijiji kizima. Shida ni wadudu. Inua ganda ulielekeze juani: mbegu nzima huonekana kama kivuli kilichojaa, iliyoliwa huonekana imesinyaa au ina kitundu. Wapo wanaopanda na ganda lake, na huota. Mimi hupukuchua kwa sababu napenda kuona ninachokipanda.

Mninga una tunda la duara kama kisahani, katikati kifundo chenye miiba migumu na pembeni utando mpana kama bawa. Hukaa mtini miezi mingi baada ya kukauka, kwa hiyo kuokota hakuna haraka. Adhabu ni kulifungua. Kata bawa kwa mkasi, kisha pasua kifundo kwa kisu imara huku umeshika kwa koleo, usishike kwa vidole. Nina kovu kwenye kidole gumba la kuthibitisha. Ndani utakuta mbegu moja, pengine mbili, na mara nyingi utakuta utupu au kitu kilichosinyaa. Gunia la matunda hunipa bakuli la mbegu, na siku imekwisha.

Mkongo ni raha. Ganda lake ni nene, la mti mtupu, likiiva hupasuka na kuonyesha mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja imevaa kofia nyekundu inayokaribia rangi ya chungwa. Huwezi kuzikosa machoni, na hilo ndilo tatizo lake: watoto huziokota, watengeneza shanga huzinunua, panya huzibeba. Kuna wateja wanaoniletea komwe za kuchezea bao wakidhani ndizo. Komwe ni za mkomwe, mmea mwingine kabisa. Mbegu za mkongo zikiwekwa kavu kwenye kopo hudumu. Nimeotesha za misimu miwili nyuma bila shida.

Kama huna mti mama karibu, Tanzania mbegu huuzwa na Wakala wa Huduma za Misitu, kituo chao cha mbegu kiko Morogoro, na Kenya ni KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, kule Muguga. Popote unaponunua, uliza mbegu zilikusanywa lini na wapi. Mpingo wa nyanda kavu na mpingo wa pwani unaweza kuwa mti uleule kwa jina lakini umezoea mvua tofauti.

Kuota

Hapa mkongo unaongoza. Toa kofia, sugua ganda kwenye jiwe la kukwaruza, upande ulio mbali na kijicho cha mbegu, mpaka rangi ya ndani ionekane. Loweka usiku mmoja. Iliyovimba asubuhi iko tayari, ambayo haijavimba isugue tena. Kati ya siku 9 na wiki 5 utaona mbegu nene zikijiinua kutoka udongoni kama ngumi, na nyingi zitatokea.

Mpingo hauhitaji matayarisho makubwa. Nailoweka siku moja kwenye maji ya baridi, naweka mbegu mbili kwa kila kiriba, nafunika kwa udongo mwembamba tu. Huanza kutokeza baada ya siku 8 na huendelea mpaka wiki ya tatu. Nusu ikiota, shukuru.

Mninga haubembelezeki. Porini inatajwa kwamba katika mbegu 100 ni kama 2 tu zinazoota. Kitaluni hali ni nafuu ukichagua mbegu nono, ukachubua ganda lake la juu kidogo kwa kikatio cha kucha na kuiloweka, lakini usipige hesabu ya miche kabla hujaiona. Mteja akitaka miche 100 ya mninga kwa tarehe fulani, simuahidi.

Mzizi

Miti hii yote mitatu hujenga chini kabla ya kujenga juu. Mche wenye majani manne unaweza kuwa na mzizi mkuu mrefu mara kadhaa kuliko shina, na viriba vya kawaida vya kitaluni, vile vifupi vya mikaratusi, ni jela kwake. Mzizi ukifika chini hujikunja, unazunguka kama kamba ndani ya ndoo, na mti ukipandwa hivyo utaishi miaka kadhaa ukidumaa bila wewe kujua kwa nini. Tumia viriba virefu, sentimita 30 kama unavipata, vilivyo wazi chini, uviweke juu ya chanja badala ya kuvitua ardhini. Ncha ya mzizi ikikutana na hewa hukauka yenyewe, na mche hutoa mizizi ya pembeni.

Kati ya mitatu, mpingo ndio unaosamehe. Umekata mzizi kidogo kwa bahati mbaya? Unaweza kupona. Mche wa sentimita 30 hivi hupandika vizuri mvua ikiwa imekolea, ingawa usitarajie kufika hapo kabla ya miezi sita. Tena mpingo una njia ya pili: mizizi ya mti mkubwa ikijeruhiwa kwa jembe hutoa machipukizi. Kama shambani kwako kuna mpingo mmoja mzee, huenda una miche tayari na hujaitambua.

Mkongo uko katikati. Mbegu ni kubwa, ina akiba, mche hurefuka haraka wiki za kwanza na kumpa mtu moyo. Lakini mzizi nao unakimbia. Panda mbegu moja kwa moja kwenye kiriba kirefu, usiisie kwenye tuta ukahamisha baadaye, na upeleke mche shamba msimu uleule ukiwa bado mchanga. Halafu kuna jambo ambalo vitalu vingi hulisahau: mkongo huishi kwa ushirika na kuvu wa mizizini. Chota ndoo ya udongo wa juu chini ya mkongo mkubwa uchanganye na udongo wako. Mpingo na mninga, kwa vile ni jamii ya kunde zenye vinundu mizizini, nayo hunufaika ukifanya hivyo kutoka chini ya miti yao.

Mninga, kwa maoni yangu, usihamishwe kabisa kama unaweza kuepuka. Chimbua shimo pale utakapoishi huo mti, legeza udongo kwenda chini kadiri mkono unavyoweza, weka mbegu tatu, funika, weka kijiti cha alama. Watu hujaribu pia nguzo, matawi manene kama mkono yanayochomekwa ardhini kama uzio. Wapo waliofanikiwa. Zangu zilichipua majani mazuri, nikafurahi, kisha zikakauka zote. Nilipozing'oa hapakuwa na mzizi hata mmoja. Zilikuwa zikila akiba ya ndani ya mti tu.

Miaka ya mwanzo

Mwaka wangu wa pili kitaluni nilisia viriba 60 vya mninga. Viliota 23, nikajiona fundi. Julai majani yakaanza kupukutika. Agosti vijiti vilikuwa vikavu, vinavunjika mkononi. Nikavimwaga vyote nyuma ya lundo la samadi na kuandika hasara kwenye daftari. Desemba, baada ya mvua ya kwanza ya maana, nilikwenda kuchota samadi nikakuta vichipukizi vyekundu vikitoka kwenye ule udongo niliomwaga. Mzee ambaye shamba lake linapakana na langu alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, mninga ukiwa mtoto hulala chini kiangazi kizima. Wewe umeuzika ukiwa hai."

Ndivyo ulivyo. Shina la mninga mchanga hufa kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikija, mwaka baada ya mwaka, huku mzizi ukinenepa. Inaweza kuwa miaka 7, inaweza kuwa 10 au zaidi, kabla ya mzizi kuwa na nguvu ya kusukuma shina litakalokaa. Kwa jicho la mtu asiyejua, umepanda kitu kilichokufa mara saba. Palizi ya kijana wa kibarua itafyeka miche yote kwa sababu haoni mti pale. Kwa hiyo adui mkubwa wa mninga ni kusahaulika. Weka vijiti vya alama, chora ramani ya shamba kwenye daftari, na uwaonyeshe watoto.

Adui wa mpingo ni nyasi na meno. Mche wake haushindani na magugu. Hutaka jua kamili na palizi ya duara kuzunguka shina kwa misimu miwili mitatu ya kwanza. Mbuzi na ng'ombe hupenda majani yake, miiba haiwazuii wakati mti bado laini. Ukiliwa ncha, hutoa mashina mengi na kuwa kichaka. Kama lengo ni gogo, chagua shina moja lililonyooka na punguza mengine, ukijua kwamba hata hivyo mpingo ni mti wa kupinda. Mchonga vinyago hajali sana, mtengeneza klarineti, ile ala ya muziki ya kupuliza, anajali.

Mkongo hushambuliwa ukiwa bado mbegu. Panya huifukua, na mche ukitoka, paa na funo, wale swala wadogo, huukata pale juu. Mwaka mmoja nilipoteza safu nzima kwa usiku mbili. Tangu hapo naotesha kwenye banda la wavu wa kuku, na shambani nazungushia kila mche matawi ya miiba mpaka uvuke kimo cha goti. Baada ya hapo kazi hupungua sana.

Moto ni wa wote. Mpingo na mninga wachanga huungua juu na kuchipua kutoka mzizini, lakini kila moto unakurudisha mwanzo. Mkongo mdogo huumia zaidi. Lima barabara ya moto kuzunguka eneo kabla majirani hawajaanza kuandaa mashamba.

Ardhi

Mpingo hauchagui sana: kichanga, mawe, hata udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi. Mninga hutaka udongo unaopitisha maji, wa kichanga, wenye kina. Mahali maji yanaposimama hauwezi. Mkongo hupenda vilevile kichanga chenye kina, na unastawi tangu misitu ya pwani hadi miombo, ile misitu mikavu ya wazi, ya bara. Wote hawapendi baridi kali. Mtu wa Makete au Limuru, kwenye jalidi, atafute miti ya milimani kwake.

Unangoja nini

Mpingo mti wake ni mdogo, aghalabu mita 5 hadi 10, lakini kiini chake cheusi ni kizito hata huzama majini. Ndio unaochongwa na Wamakonde na ndio unaokwenda kutengenezwa klarineti na zumari za Ulaya. Ukitaka kuona kwamba mtu wa kawaida anaweza kuurudisha mti huu, hayati Sebastian Chuwa wa Kilimanjaro alifanya hivyo kwa vitalu vya vikundi na vya shule, na kazi yake ikatambuliwa kwa tuzo ya Rolex mwaka 2002. Kule Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilianza mwaka 2009 kuwa na cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, kwa misitu yao yenye mpingo, na hiyo ni njia nyingine: kutunza uliopo badala ya kupanda mpya.

Mninga hutoa mbao isiyopinda wala kusinyaa sana, ndiyo maana fundi wa vitanda na milango huisifu. Ukiuchanja hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mkongo ni mti mkubwa wa kivuli, mita 20 na zaidi, mbao ngumu ya milango na majahazi. Kati ya mitatu ndio unaokupa kitu mapema, maana kivuli na mbegu za kuuza huja kabla ya gogo.

Kuhusu karatasi: biashara ya kimataifa ya mpingo imo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, na mkutano wa Panama wa Novemba 2022 uliongeza mninga na mkongo wa Afrika. Ndani ya nchi pia, kuvuna na kusafirisha kuna vibali. Hilo lisikuzuie kupanda. Weka tu kumbukumbu: tarehe, picha, idadi, na mpeleke afisa misitu wa wilaya aone miche ikiwa midogo, ili siku ya kuvuna warithi wako wawe na ushahidi kwamba ulipandwa.

Nani achague nini

Kama hujawahi kuotesha mti wa asili, au unafanya na watoto wa shule, anza na mkongo. Mbegu inaonekana, inaota, mtoto haondoki amekata tamaa. Hakikisha tu una nafasi. Si mti wa kubana kati ya ukuta na choo.

Kama unataka miche mingi ya kugawa au kuuza, au shamba lako ni la mawe au udongo mzito ambao mahindi yameukataa, mpingo. Sharti ni moja: mifugo idhibitiwe. Usipoweza kuwafunga mbuzi wako na wa jirani, usianze.

Kama una eneo la miombo, kichanga, lenye hati au makubaliano ya ukoo yanayoeleweka, na hakuna atakayelilima kwa miaka 20, mninga unakufaa. Ila kabla ya kusia hata mbegu moja, tembea eneo lote mwanzo wa mvua ukitafuta machipukizi yake. Ukiyakuta, yawekee vijiti na zuia moto. Chipukizi ambalo limeshalala chini miaka sita limekutangulia miaka sita.

Aliyekodi shamba, au anayehama kikazi, asichukue mninga. Achukue mkongo, apande kwenye kiwanja cha nyumbani kwao.

Msomaji wa pwani ya Kenya ana mpingo na mbambakofi kama miti ya kwake. Mninga hauoti kiasili huko, na sioni sababu ya kuuhangaikia. Mwenye eneo kubwa anaweza kuchanganya: mikongo kwa nafasi pana, mipingo pembeni kwenye jua, na kona ya mninga isiyoguswa.

Ukiwa bado huamui, fanya hivi kabla ya kuja kitaluni. Chimba shimo la mita moja mahali unapotaka kupanda. Limwagie ndoo tatu za maji jioni, urudi asubuhi. Maji yakiwa bado yamesimama, futa mninga kwenye orodha. Ukigonga mwamba kabla ya nusu mita, futa mninga na mkongo, ubaki na mpingo. Ukifika chini kote ni kichanga laini na maji yamekwenda, njoo tuzungumze juu ya mbuzi.